Kitambaa Hakitoshi

Jumatatu

Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na Babu ameamka nayo. Ameuliza kama kumekucha. Nimemwambia bado. Akakaa katikati ya kitanda kusubiri kukuche, kwa sauti.

Kwa wasiotufahamu: Babu ana miaka 2 na nusu. Amepewa jina la baba mkwe wangu aliyeko Muheza, na kwetu jina la mkwe halitamkwi ovyo, seuze kwa hasira. Basi tunamwita Babu. Ndiyo sababu mpita njia wa hapa Makorora, Tanga, anaweza kumsikia mama mjamzito akimsihi Babu ashuke mezani, na Babu akijibu kwamba hashuki.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, mashine ya kukanyaga. Tumbo sasa limeifikia meza, na kila nikikanyaga, aliyemo ndani naye anakanyaga. Babu anataka kukanyaga pia. Nimeamua kwamba masika haya atafutiwe shughuli nyingine.

Leo nimempa vifungo vya makoti, vile vikubwa visivyomezeka, avipange kwa rangi. Amevipanga vizuri sana, ndani ya kiatu cha mteja aliyekuwa amevua mlangoni ili apimwe. Mteja amekivaa, amesimama kidogo, amesema miguu yake siku hizi inamsumbua, akaenda zake. Vifungo vilikuwa vya koti lake mwenyewe, kwa hiyo nimeona hakuna haja ya kumkimbilia.

Jumanne

Jirani amekuja kuchukua gauni ambalo halijaisha. Wakati namtafutia maneno, amemwona Babu ameinama, kichwa katikati ya miguu, anachungulia nyuma. Jirani amefurahi. Mtoto akifanya hivyo, anasema, anamwita mdogo wake. Nikamwonyesha tumbo: ameshaitika. Jirani akalitazama tumbo, akamtazama Babu, ambaye bado alikuwa ameinama.

Akasema basi huyo anaita wa tatu.

Nimemkalisha Babu chini.

Jumatano

Kliniki. Babu hakuwa na wa kuachwa naye, tumekwenda wote. Nesi ameuliza nani wamekuja na wenza wao, maana wenye wenza hupita mbele. Babu amenyoosha mkono. Nesi akamweleza kwamba mwenza maana yake ni mume. Babu hakuushusha mkono. Bibi yake wa Muheza humwita "mume wangu" kila wanapoonana, kwa hiyo cheo hicho anakijua na anaamini ni chake. Tumerudi mwisho wa foleni.

Foleni ya wajawazito haina pa kukimbilia. Nilikuwa nimebeba mkobani mabaki ya vitenge, vipande vya ukubwa wa leso. Babu amemgawia kila mama kimoja. Kisha akavikusanya. Kisha akagawa upya, kwa sababu aliona mgao wa kwanza haukuwa wa haki. Wako akina mama waliobadilishana wakitaka rangi nyingine, jambo lililomlazimu akusanye tena. Shughuli hii imekula sehemu kubwa ya asubuhi bila mtu kulia. Nawapa bure wenye foleni zao.

Ndani, nesi ametoa futi kunipima tumbo, kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba. Sentimita hizo huwa zinakaribiana na wiki za mimba, ndiyo maana hupimwa. Babu amezaliwa na kukulia chini ya futi. Amemwambia nesi kwamba hashiki hivyo. Nesi amemuuliza basi inashikwaje. Amemwonyesha. Akampima na nesi mwenyewe, kiuno na bega, akamwambia arudi Ijumaa.

Kisha nesi akainamia tumbo na kile kidude chenye umbo la tarumbeta wanachosikilizia mapigo ya moyo wa mtoto. Babu akataka naye. Akapewa. Akaweka sikio, akatulia, akasema "Halo?" mara kadhaa, halafu akawatangazia waliokuwa mlangoni kwamba mteja hapatikani.

Nimerudi na vidonge vya kuongeza damu na lile onyo lake: nisivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Babu alikuwa akisikiliza. Jioni amenipokonya kikombe. Kisha akampokonya baba yake. Baba yake amejaribu kueleza kwamba yeye hana mimba. Hajasikilizwa.

Alhamisi

Mvua. Nimesukuma chapati, nikamkatia Babu donge lake na kumpa kichupa awe anasukuma. Amesukuma juu ya meza, juu ya mkeka, juu ya goti, na kwa muda fulani juu ya ukuta. Donge lilianza likiwa jeupe. Lilipofika kwangu kuchomwa lilikuwa na rangi ya saruji. Nimelichoma pembeni ya chuma nikitumaini atasahau.

Hakusahau. Ameniletea kwenye sahani, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Wataalamu wa malezi husema mtoto apongezwe kwa kazi ya mikono yake. Nimempongeza. Ilikuwa na kifungo ndani.

Ijumaa

Babu amepanda mbuzi ya kukunia nazi, upande wa meno. Suruali imeletwa kwa fundi. Fundi amesema kesho kutwa.

Jumamosi

Baba yake yupo nyumbani. Ameona niliyonayo ni mengi, akatangaza kwamba leo mtoto ni wake. Akakusanya kopo la maziwa ya unga, waya, na ndala kwa ajili ya magurudumu, kama walivyofanya wao utotoni. Kazi imeanza saa tatu asubuhi. Babu amekaa naye hadi saa tatu na robo, kisha akaja kwangu.

Gari limekamilika baada ya adhuhuri. Ni zuri. Lina usukani mrefu wa waya na linapinda kona. Baba yake amelizungusha uani, akatoka nalo mtaani, akarudi kubadilisha gurudumu, akatoka tena. Linamshughulisha mtu mmoja humu nyumbani na limemshughulisha hadi magharibi.

Ndala zilikuwa zangu. Ndizo pekee zilizokuwa bado zinaingia, kwa jinsi miguu ilivyovimba.

Jumapili

Nimechoka, nimewasha televisheni. Babu anapenda "Akili and Me", ile katuni inayotengenezwa Dar es Salaam, ya msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye kila akilala huenda kwenye nchi ya ndoto yenye wanyama wanaozungumza. Nami naipenda, kwa sababu ni hadithi ambayo mhusika wake mkuu analala.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huu asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na akikaa pungufu ni bora. Luku yetu ni kali kuliko Shirika. Uniti zimekwisha kabla Akili hajapanda kitandani. Babu amesogeza kigoda hadi kwenye mita, akabonyeza namba zote alizozifikia. Mita imekataa. Akaiambia "tafadhali". Imekataa.

Jumatatu

Nilikuwa na kitenge cha kijani cha mteja, cha harusi, nimekitandika mezani tayari kwa kukatwa. Nimeingia ndani kunywa maji. Mjamzito akiingia ndani kunywa maji hupita pia msalani, na akitoka msalani hukumbuka kwamba ana kiungulia. Niliporudi Babu alikuwa ameshika chaki ya fundi na kazi imekwisha. Amechora mstari mmoja tu, lakini mrefu, na alikuwa ametia mate ili uonekane.

Chaki hutoka. Chaki na mate ya Babu na uji wa ulezi, bado tunaangalia.

Mchana nililazimika kulala. Kliniki wanasisitiza nilale ubavu, hasa wa kushoto, kwa sababu miezi hii ya mwisho ukilala chali uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Sijui mwenye mtoto wa miaka 2 analalaje ubavu wowote mchana, lakini leo njia imepatikana na naiandika kwa herufi nzuri: nimejilaza mkekani, nikampa Babu futi, nikamwambia mimi ni mteja.

Amenipima. Mkono, shingo, sikio, unyayo. Kila kipimo kilikuwa "kumi na nane". Nilikuwa nafumba macho, na kila nilipokaribia kupotelea usingizini nilikuwa nageuzwa kidogo ili nipimwe kwapa. Alipofika tumboni futi ilizunguka, ikaishia njiani. Ameirudisha na kuanza upya. Ikaishia palepale. Akaikunja, akaniweka mkono begani kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Kitambaa hakitoshi," akasema.

Nikamuuliza hiyo nguo itakuwa tayari lini hata hivyo. Akasema Ijumaa. Haitakuwa tayari Ijumaa. Namjua fundi aliyemfundisha.

Jumanne

Begi la kujifungulia nilikuwa nimelipanga tangu wiki iliyopita: doti za kanga, pamba, mpira wa kutandika kitandani, glovu, wembe, vibanio vya kitovu, nguo za mtoto, kofia, beseni pembeni. Leo Babu amefungua duka. Bidhaa zilikuwa zimepangwa kwenye ngazi ya baraza kwa mpangilio wa kuvutia, isipokuwa wembe, ambao nilikuwa nimeuficha juu ya kabati na ambao hata baba yake haupati. Kofia ya mtoto mchanga muuzaji alikuwa ameivaa. Inamfika utosini.

Nimenunua pamba yangu kwa mawe manne. Vibanio vilikuwa ghali, nikaomba nikopeshwe. Hakopeshi. Glovu moja alikuwa ameshamuuzia mtoto wa jirani, akaipuliza, ikawa ng'ombe. Nimekwenda kuidai nikakuta ng'ombe amepasuka.

Naandika kwa faida ya wanaojiandaa: glovu nunua za ziada.

Alhamisi

Jua limetoka. Nimemtolea Babu beseni la maji, kipande cha sabuni na matambara ya kufua. Hii ndiyo shughuli bora kuliko zote. Hata gari la kopo, ambalo sasa lina taa, haliifikii. Nilishaona zamani kwamba mtoto wa umri huu hana haja na vya kuchezea. Anataka kazi unayoifanya wewe, kwa vifaa vyako, na asiambiwe kwamba ni mchezo. Mwambie "nisaidie kufua" na utashona gauni zima.

Nimeshona gauni zima. La jirani.

Nilipotoka kuanika, kwenye kamba kulikuwa na matambara, soksi ya baba yake, na kadi yangu ya kliniki, imebanwa kwa ustadi na kibanio cha kitovu. Imefuliwa pande zote mbili. Jina langu limebaki. Kundi la damu linasomeka ukijua lilivyokuwa. Tarehe ya matarajio ya kujifungua imeondoka kabisa, pameachwa doa la bluu.

Baba yake amesema inaanza na 2. Mimi nakumbuka haikuanza na 2. Jirani amelitazama tumbo kwa jicho moja akasema ni wiki hii. Babu amesema Ijumaa.

Ijumaa

Habari ya kadi imefika Muheza. Mama mkwe amefika kwa basi la mchana na furushi la machungwa, kwa sababu haiwezekani kutoka Muheza bila machungwa. Amemsalimia Babu, "Hujambo mume wangu," Babu akajibu hajambo, akamwonyesha mahali pa kuweka mizigo.

Mama mkwe amekalishwa, amepewa maji, ameulizwa hali ya mzee. Kisha ameniuliza huyu mtoto anashindaje. Nikamsimulia vifungo, chapati, futi, duka, beseni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wao hawakuwa na haya. Akavuta ungo, akamwaga mchele, akamketisha Babu mbele yake na kumwambia: "Toa mawe. Usipomaliza hatuli."

Babu amekaa kwenye ungo ule kuanzia alasiri. Hakuinuka. Alichambua chembe moja moja, akiitazama kila moja pande zote. Mama mkwe hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anamenya chungwa na kunihadithia nani kafariki. Ilikuwa alasiri tulivu kuliko zote tangu nipate mimba hii.

Tumekula saa nne usiku.

Jumamosi

Babu amebisha hodi tumboni. Amegonga kwa adabu, "Hodi," akasubiri. Kimya. Amebisha mara ya pili, na ya tatu, kama anavyofundishwa kwenye milango ya watu. Hakuitikiwa, akaondoka.

Baada ya chakula amekuja kuniegemea, ubavu wake tumboni kwangu, na hapo ndipo mwenye nyumba akaitikia, kwa teke. Babu ameruka. Amekwenda moja kwa moja kwa bibi yake kushtaki kwamba amepigwa. Bibi ameuliza na nani. Amenyoosha kidole. Bibi amesikiliza upande wa pili kwa kuweka kiganja tumboni, akatoa hukumu: mshtakiwa ni mdogo, mahali ni pembamba, na mlalamikaji alimwegemea kwanza. Babu hakukubaliana na hukumu hiyo. Amekataa kulala chumba kimoja na tumbo.

Jumatatu

Baba yake ameomba likizo kazini kwa ajili ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Baba inampa angalau siku 3. Ametueleza mipango yake ya siku hizo. Siku ya kwanza atapumzika.

Fundi wa barazani hana mwajiri wa kumwomba siku 84. Wateja wangu nimewaambia mmoja mmoja, nao wamenipa pole, wakauliza kama za kwao zitawahi.

Nesi amenitazamia tarehe kwenye daftari la kliniki na kuniandikia kadi mpya. Ni Ijumaa. Babu hakusema lolote, lakini alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kusema.

Ijumaa

Hakuna kitu. Begi liko mlangoni, limefungwa kwa kamba. Mama mkwe amelala akiwa amevaa viatu. Baba yake ameongeza breki kwenye gari la kopo.

Jumapili

Hakuna kitu. Babu amepita mbele ya tumbo na futi mkononi, akapima, akatikisa kichwa.

Jumatano

Amezaliwa jana, Jumanne, wa kike, salama. Ameahidi Ijumaa akaja Jumanne. Ni mtoto wa fundi.

Kwa desturi ya kwao amepewa jina la mama mkwe, kwa hiyo naye jina lake halitamkwi, anaitwa Bibi. Mama mkwe amempokea kwa kumwita mke mwenza, akamwonya kwamba kwa mume huyo yeye ndiye aliyetangulia. Babu amemkagua Bibi kuanzia unyayo, akamgawia kipande kimoja cha kitenge. Baadaye amekirudia kukichukua ili agawe upya, akamkuta amekikamata. Ameniangalia nimsaidie. Nimemwambia avumilie mpaka amalize kulala, akauliza kama kumekucha.

Baba yake leo yuko kwenye siku yake ya kwanza ya likizo na anapumzika.

Wateja wangu mnaosoma hapa: nguo zote ziko tayari, njooni mchukue kwa mama mkwe, na msimpe Babu pesa mkononi kwa sababu harudishi chenji. Aliyeleta kitenge cha kijani anisubiri kidogo. Mstari bado upo, lakini nimeshaona mshono ambao utaupitisha mahali pake.